Mashahidi Kumi wa Mwalimu Msafiri

Mwalimu Msafiri alipokufa ndipo mji wa Arusha ulipogundua kwamba ulikuwa ukimpenda kupita kiasi. Alipokuwa hai walimpenda kwa zamu, leo huyu, kesho yule, kutegemea nani ana barua ya kuandikiwa. Siku ya mazishi kila mtu alijitokeza kuwa ndiye aliyekuwa naye chanda na pete. Walilia hata wale waliomwita "mgeni wa Pangani" miaka kumi na mmoja mfululizo. Wakala wali wa matanga siku tatu, wakamsifu kwa vinywa vilivyojaa, wakaenda zao.

Aliyebaki ni mkewe, Bi Tunu, pamoja na binti yao Zamda, msichana wa miaka kumi na saba. Walikaa katika nyumba ya vyumba viwili kando ya shule, kuta za udongo, paa la nyasi. Shule ilikuwa ya Serikali ya Kijerumani, na nyumba vilevile. Bi Tunu alikuwa ndani ya eda. Miezi minne na siku kumi mjane hatoki nyumbani kwa marehemu, hajipambi, wala hakai uso kwa uso na mwanamume asiye maharimu wake. Siku hamsini na nane zilikuwa zimekwisha pita, na zaidi ya sabini zilikuwa mbele yake, siku Selemani karani wa Boma alipokuja kupiga hodi.

Selemani alikuwa kijana nadhifu, kanzu nyeupe, tarbushi nyekundu, kalamu sikioni. Kalamu hiyo alifundishwa kuishika na marehemu mwenyewe. Alisimama nje ya mlango, Bi Tunu akawa ndani nyuma ya pazia la kaniki. Akaanza na shikamoo, akafuatisha pole, akasema kwamba tangu Mwalimu aondoke yeye usingizi haumchukui. Alilia kidogo, kwa kiasi cha mtu mwenye kazi nyingine saa tisa. Halafu akatoa barua, akaisoma kwa sauti ya ofisini: mwalimu mpya yuko njiani, ametoka Tanga kwa gari moshi mpaka Moshi, na kutoka hapo anakuja kwa miguu na wapagazi wake. Nyumba iwe wazi Jumamosi adhuhuri.

Barua hiyo haikusema kwamba mwalimu mpya ni shemeji yake Selemani. Soko zima lilikuwa linajua, na Bi Tunu alikwisha kulisikia tangu juzi kwa muuza maziwa. Hakulitaja. Selemani akaomba ruhusa ahesabu mali ya Serikali iliyomo ndani, naye Zamda akamtolea nje kitu kimoja kimoja mpaka uani: kitanda, kiti, taa. Kitanda kile ndicho alichofia Mwalimu. Karani akakigeuza, akakitikisa miguu, akaandika kwamba mguu mmoja unalegea na kwamba haukuwa ukilegea ulipotolewa ghalani.

Alasiri akaja Imamu wa msikiti, ambaye siku za kawaida alikuwa akiuza nguo na chumvi sokoni. Yeye habari zilimfikia, na zilikuwa zimemchafua roho. Akamweleza Bi Tunu, kwa pazia lilelile, kwamba mjane wa eda havuki kizingiti, na kwamba ingekuwa aibu kwa mji wote mke wa mtu kama Mwalimu Msafiri, nguzo ya msikiti, kuonekana barabarani na mabunda kichwani.

Bi Tunu alimsikiliza mpaka mwisho, kwa adabu zote alizolelewa nazo.

"Serikali inasema nitoke," alisema. "Wewe unasema nisitoke. Basi nikae hewani, kama popo? Una chumba, Imamu?"

Imamu alikohoa. Akaeleza kwamba nyumba yake imejaa marobota ya nguo, tena mkewe mdogo ana wivu wa ajabu, hapendi hata kuku mgeni uani. Lakini atamwombea. Sheria yenyewe ina mlango wa dharura kwa mjane anayefukuzwa, na Imamu aliujua vizuri, maana alikuwa amesoma. Ila angeufungua angeulizwa mjane ahamie kwa nani. Kwa hiyo aliuacha umefungwa, akaenda kuswali.

*

Kesho yake Bi Tunu alimtuma Zamda Boma. Bwana Mkubwa wa Boma alikuwa Mjerumani mwenye ndevu zilizochanwa vizuri, anayejua Kiswahili cha kuamuru na cha kuhukumu, cha maongezi hana. Hakuwa mtu mbaya, na mwenyewe alikuwa wa kwanza kulisema hilo. Alimwambia Zamda kwamba Serikali haimtoi mjane nyumbani bila karatasi, wala haimwachi nyumbani bila karatasi. Akafungua kabati, akatoa waraka. Mtumishi aliyetumika vema, ikiwa wema wake utashuhudiwa mbele ya bendera na watu kumi aliowafundisha, mjane wake huachiwa nyumba siku mia. Kila shahidi ataje mambo matatu: jina lake, jina la mwalimu wake, na alichojifunza. Karani ataandika. Watakaokubaliwa ni wale tu walioandikwa katika daftari la shule. Ijumaa asubuhi.

Zamda alirudi mbio, furaha imemjaa. Watu kumi, katika mji uliolia siku tatu! Mamake akamwambia atulize moyo kwanza, waliolia si lazima wawe waliosoma. Na ndivyo ilivyokuwa. Daftari lilipofunguliwa, rafiki wote wa chanda na pete hawakuwemo hata mmoja. Walikuwa wamesoma chuoni kwa Imamu, ama hawakusoma popote. Na wanafunzi wa kweli walikwisha tawanyika, huyu karani Kondoa, yule askari Tanga, mwingine alikufa kwa ndui. Waliobaki Arusha walikuwa kumi na mmoja: Selemani mwenyewe, Solomoni aliye msaidizi wa wamisheni, na Waarusha tisa wa mtelemko wa Meru, vijana wa rika moja, na mkubwa wao ni Lengai.

Sasa hao tisa waliingiaje katika daftari la Serikali, ni kisa kifupi. Miaka ile walowezi wa huko Usa na Momela walipotaka watu wa kung'oa visiki, askari walitumwa kukamata vijana popote walipo, njiani, machungani, mtoni wakinywesha ng'ombe. Lakini mwanafunzi aliye darasani hakuguswa. Basi Mwalimu Msafiri akiona tu askari wanafunga viatu, hupiga kengele ya shule, hata kama ni saa ya chakula, hata Jumapili. Vijana wanashuka mlimani mbio na fimbo zao, wanaingia darasani, naye anawaandika majina kabla hawajapumua. Askari wakifika wanakuta shule imejaa mpaka madirishani. Kwa kuwa wamekwisha kaa, alikuwa akiwafundisha. Wengine walikuja kwa kukimbia visiki, wakaondoka wanajua kusoma.

Zamda akapanda mlima siku ileile, akapita Kijenge, akakata migombani mpaka nyumbani kwa akina Lengai. Alimkuta akikamua, akamweleza shida yao yote. Lengai alisema watakuja, wote tisa, na kama kuna mgonjwa atabebwa. Mama yake, Simaloi, alimpa Zamda maziwa, akamuuliza habari za mjane, anakula, analala, anaota nini. Katika mazungumzo yote hayo Lengai alimwita marehemu "yule", na Zamda, mtoto wa mjini, hakuona ajabu.

*

Ijumaa asubuhi uwanja wa shule ulijaa. Meza iliwekwa chini ya bendera, na juu yake karatasi yenye safu tatu. Boma lilikuwa limetoa ng'ombe achinjwe baada ya ushahidi, kwa kumbukumbu ya Mwalimu, kwa hiyo mapenzi kwa marehemu yalikuwa yamepanda tena tangu alfajiri. Nyumba ya Bi Tunu haikuwa hata hatua thelathini kutoka hapo. Alikaa nyuma ya pazia lake, Zamda ubavuni, na kila neno liliingia.

Aliyefungua ni Selemani. Alizungumza muda wa kutosha kuivisha maharage. Alisema Mwalimu Msafiri alikuwa baba yake, Mwalimu Msafiri alimpenda kuliko wote, Mwalimu Msafiri alimwita siku za mwisho akamshika mkono. Yeye alipogundua habari za kengele ndiye aliyezipeleka Boma, na Mwalimu Msafiri akasimamishwa juani chini ya bendera hiyohiyo kutwa nzima, bila kofia. Hilo hakulisema, muda haukumtosha. Solomoni naye akashuhudia kwa ufupi na kwa haki, kwamba alikuwa mtu mwema ingawa hakuongoka. Imamu hakuwa katika daftari lakini aliomba nafasi ya dua, na katika dua akamtaja marehemu kwa jina lake, la baba yake na la babu yake.

Ndipo akaitwa Lengai. Alipita mbele na shuka lake la rangi ya udongo, akasimama wima. Akataja jina lake. Alipoulizwa amejifunza nini, alisema kusoma, kuandika, kujumlisha mpaka elfu, na kusimama mbele ya mkubwa bila kutetemeka. Bwana Mkubwa alitikisa kichwa kukubali. Akaulizwa jina la mwalimu wake.

Akanyamaza. Selemani akarudia swali, na mara ya pili akalirudia kwa nguvu.

"Sisi mtu wetu akishafariki hatulitaji jina lake, Bwana," alisema Lengai. "Wa mbali tunamtaja. Wetu hatumtaji."

Bwana Mkubwa aliitazama karatasi yake muda mrefu. Akasema Serikali inaheshimu mila, mila ni kitu kizuri, lakini safu ya pili haiwezi kuachwa tupu. Ikiwa ulimi ni mzito, basi na aandike, kalamu hii hapa. Lengai akajibu kwamba kuandika ni kusema, na aliyewafundisha hilo ni huyohuyo anayeulizwa. Minong'ono ikaanza uwanjani. Mmoja akasema hawa hawana shukrani. Mwingine akasema punda shukrani yake mateke. Selemani alikuwa amekulia chini ya mlima ule, na mila hiyo aliijua kama alivyojua njia ya kwao. Aliinama sikioni kwa Bwana Mkubwa akasema kwa upole kwamba labda hawa hawakumfahamu vizuri marehemu.

Lengai akaomba kitu kimoja: aende mlangoni kwa mjane, arudi. Bwana Mkubwa akatoa saa mfukoni, akampa dakika tano.

*

Lengai alisimama mbele ya pazia akaligeuzia mgongo, kwa heshima, akawa anazungumza na uwanja lakini anasikika ndani.

"Yeyo," alisema, na hivyo ndivyo kwao mtu anavyomwita mama yake. "Wanataka tulitaje lile jina. Tukilitaja, unabaki hapa. Tusipolitaja, kesho unatolewa. Sisi tumekwisha kubaliana. Ukisema tulitaje, tutalitaja wote tisa, na litakalotupata litupate. Sema wewe."

Zamda alimshika mamake mkono kwa mikono yote miwili. Akamnong'oneza, mama, waambie walitaje, ni neno moja tu, watalitaja na yatakwisha, kwani sisi tutakwenda wapi? Na Bi Tunu aliogopa. Tusimsingizie ushujaa. Aliitaka nyumba ile, alitaka ukuta ambao mumewe alikuwa akiegemeza kichwa akisahihisha madaftari mpaka udongo ukang'aa kwa mafuta ya nywele. Alitaka siku zake sabini zilizobaki azikae kwa amani, katika harufu ya mumewe, atoke hapo mtu kamili. Pangani hakuwa na mtu tena. Aliuma upindo wa ukaya wake, ile shela ya kichwani, na dakika mbili kati ya tano zikapita hivyo.

"Tangu asubuhi nalisikia jina la mume wangu hapo uwanjani," akasema mwishowe. "Selemani kalitaja mpaka nimechoka kuhesabu. Na wote waliolitaja, hakuna hata mmoja aliyeniuliza nitalala wapi. Ninyi msilitaje, mwanangu. La kwenu ndilo lililobaki zima."

Zamda akaangua kilio. Lengai akaitika neno moja kwa lugha yao, akarudi uwanjani.

Wakapita wote tisa, mmoja mmoja. Kila mmoja alitaja jina lake, akasema alichojifunza, akafika kwenye lile la kati akanyamaza, akatazama mbele mpaka karani alipochoka akamwita mwingine. Mmoja alisema amejifunza kusoma mizani ya mnunuzi wa ngozi. Mmoja alisema alijifunza kwamba mtu mzima anaweza kusema "sijui", kwa sababu yule alikuwa akiwaambia hivyo. Haya yote yaliandikwa, na safu ya pili ikabaki nyeupe. Mashahidi wawili, akahesabu Bwana Mkubwa. Akasema anasikitika, na alisikitika kweli mpaka alipofunga kitabu. Mji ukaenda kula ng'ombe wa kumbukumbu.

*

Jumamosi Imamu alifika mapema akasimama upande wa kulia wa mlango, kuhakikisha mjane hatoki. Selemani akafika akasimama upande wa kushoto, kuhakikisha mjane anatoka. Wakapeana mikono, wakaulizana hali za nyumbani. Watu wakajipanga ng'ambo ya njia kutazama, baadhi yao wakiwa na meno yanayouma kwa nyama ya jana.

Karibu na adhuhuri wakashuka wale tisa kutoka mlimani, na nyuma yao Simaloi na wanawake watatu. Walikuwa wamebeba miti mirefu na ngozi za ng'ombe, zile za kulalia, walizozitandua vitandani mwao alfajiri ile. Hawakusalimiana na mtu. Simaloi na wenzake waliketi chini wakazifunga ngozi kwenye miti kwa kamba za mgomba, pande nne, ndefu kumpita mtu na zinazoburuzika chini. Vijana wakaziinua, wakaja kuziegemeza mlangoni.

Bi Tunu alichungulia pembeni ya pazia, akaelewa. Zamani huko pwani mabibi wa nyumba kubwa wakitembea walizungushiwa kitambaa kilichoinuliwa kwa miti na watumwa, wasionekane hata kisigino. Kiliitwa shiraa. Bi Tunu, binti wa msuka mikeka, alipata kuiona mara moja akiwa mtoto, akiwa mtaroni, na alipigwa kibao kwa kuitazama. Akacheka. Kilikuwa kicheko chake cha kwanza tangu msiba, na kilimtoka kwa sauti hata Imamu akageuka. Akajifunika ukaya wake, akaingia ndani ya zile ngozi zinazonuka moshi na samli.

Imamu alipiga hatua mbele kukataza. Lengai akamwambia, taratibu kabisa, kwamba mama hajatoka, bado yuko ndani. Nyumba ndiyo inayohama. Imamu akainama kutafuta miguu, asione ila ngozi na vumbi. Alifungua kinywa, akapekua vitabu vyote alivyosoma, asipate ukurasa wa kumkataza mtu ambaye hamwoni. Selemani naye alikuwa na shida yake. Alitakiwa aandike saa ambayo mjane ameondoka, na aseme amemwona kwa macho yake. Akaamuru ngozi moja ifunuliwe. Hapo Imamu akamgeukia yeye, hasira zote zikapata pa kwenda, akamkemea mbele ya watu: anataka kumfunua mjane wa eda, amelelewa na nani? Wakaanza kugombana wao kwa wao juu ya kizingiti, na nyumba ya ngozi ikaondoka.

Haikuondoka vizuri. Watu tisa, kila mmoja na mwendo wake, huyu mrefu, yule mfupi, upande mmoja ukawahi na mwingine ukachelewa. Ngozi zikayumba, Bi Tunu akakanyagwa kidole, Zamda aliyekuwa nyuma na sufuria kichwani akapiga yowe kwamba wanamwangusha mama yake. Watu wa ng'ambo ya njia wakaanza kucheka. Lengai akawasimamisha. Akafikiri kidogo, kisha akapaza sauti.

"Ba, be, bi, bo, bu."

Hatua tano. Wenzake wakaitikia, ba, be, bi, bo, bu, hatua nyingine tano, na ngozi zikatulia. Wakaenda hivyo sokoni katikati, wanaume tisa wazima wenye mikuki mgongoni, wakiimba kwa sauti somo la watoto. Vicheko vikaisha kimoja kimoja. Muuza maziwa akaweka kibuyu chini. Walipopita chini ya Boma, Bwana Mkubwa alikuwa barazani na kahawa yake, akamuuliza askari wa zamu huo ni wimbo gani wa kishenzi. Askari, aliyerudi kutoka Tanga jana usiku tu, alikuwa amesoma shule ileile ya Arusha miezi minne kabla ya kuvaa magwanda, akasema hajui, Bwana, akatazama chini.

Walifika kwenye mto Themi, mahali pa kuvukia kwenda kwa akina Lengai. Mawe yanateleza pale, kila mtu alikuwa akitazama miguu yake. Lengai akaanzisha tena, da, de, di, do, du.

"Cha mmeiacha," ilisema sauti ya mwanamke kutoka ndani ya ngozi.

Wakasimama wote. Miaka kumi na mmoja somo lile lilikuwa likimfikia kupitia ukutani, akipepeta mchele, akifua, akiuguza, na hakuna siku lilipoanza da kabla ya cha. Zamda alimsikia mamake akivuta kamasi, kisha akisafisha koo kama afanyavyo mwalimu.

"Rudini nyuma," alisema Bi Tunu. "Cha, che."

Wakarudi kwenye cha, che, chi, cho, chu, wote pamoja naye, ndipo wakavuka.